Baba anataka nimdhamini mdogo wangu mkopo wa chuo kikuu, na mimi nina deni la chuo ambalo hakuna anayelijua

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 27. Kwetu ni Fizi, Kivu Kusini, ila nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mpaka mwaka 2016 tulipoletwa Marekani. Tunaishi Michigan: baba, mama, mimi na wadogo zangu wanne. Baba alikuwa mwalimu kambini. Hapa amefanya kazi ya kiwanda miaka minne, kisha akapata kiharusi. Anatembea, anaongea, lakini kazi hawezi tena. Mama anasafisha vyumba hotelini. Mimi niko kiwandani, shifti ya usiku.

Nyumbani mimi ndiye ninayesoma barua zote. Ya hospitali mimi, ya mwenye nyumba mimi, ya shule ya watoto mimi. Simu ikilia kwa Kiingereza, nikiwa usingizini naamshwa.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 18 na anamaliza sekondari mwezi wa sita. Amepata nafasi chuo kikuu cha serikali ya jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Siku barua ilipokuja baba alilia. Jumapili mchungaji alitangaza kanisani, akina mama wakapiga vigelegele, watu wakachanga dola 640 za sanduku, mashuka na blanketi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya gharama. Mwaka mmoja ni dola 28,000, pamoja na chumba na chakula. Wamempa ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, dola 7,395, ufadhili wa jimbo dola 5,500, na chuo chenyewe kimempa dola 4,000. Anaweza kukopa serikalini dola 5,500. Zinabaki kama 5,600. Baba amesikia kwa rafiki yake kwamba kuna mikopo ya benki, na benki tuliyoiuliza inataka mdhamini mwenye mshahara. Mdhamini ni mimi.

Mshauri wa shuleni kwao aliniambia kuna njia nyingine: aanze miaka miwili chuo cha jamii cha hapa mjini, alale nyumbani, ada isimguse, kisha ahamie chuo kikuu. Nilipomweleza baba, alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Collège? Mtoto amalize sekondari, halafu wewe umrudishe collège?" Akainuka, akaenda kulala. Sasa hanisemeshi vizuri. Naona anafikiri namwonea wivu mdogo wangu.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 2021 mimi mwenyewe niliandikishwa chuo cha jamii. Nilitaka uuguzi. Nilisoma wiki sita, baba akaanguka. Nikaacha kwenda. Sikumuaga mwalimu, sikuandika chochote, niliacha tu. Nyumbani nilisema nimeahirisha. Baada ya miezi mitatu chuo kikaniandikia kwamba nadaiwa dola 1,380. Nilishangaa, maana nilijua nimepewa ruzuku, si mkopo. Barua ile niliiweka kwenye droo. Zikaja nyingine, baadaye zikaja za kampuni ya kukusanya madeni. Zote ziko kwenye droo, nyingine sijazifungua.

Mdogo wangu hasemi kitu. Nikimuuliza anajibu, "Mtakachoamua." Juzi nimetoka kazini alfajiri nikamkuta anaangalia simu, video za vyumba vya wanafunzi wa chuo kile. Akaizima haraka. Nilisikia vibaya sana, mama. Na nikuambie ukweli, akiondoka yeye nitabaki peke yangu na barua zote hizi.

Chuo kikuu kinataka jibu mwisho wa mwezi. Nitie saini? Nimwambie baba siri yangu? Au nikatae tu, nionekane mbaya? Na je, naweza kupiga simu chuoni kuulizia lile deni bila kutaja jina?

Binti wa droo

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili polepole. Kilichonishika kwanza hakikuwa fedha. Kilikuwa ile sentensi kwamba simu ikilia kwa Kiingereza unaamshwa. Mtu anayelala mchana baada ya kusimama kiwandani usiku kucha, kisha anaamshwa kutafsiri habari za bima, huyo hana mahali pa kuweka shida zake mwenyewe isipokuwa kwenye droo. Kwa hiyo tusianze kwa kukulaumu kwa barua ambazo hukuzifungua.

Kama nimekuelewa, umeniuliza jambo moja, kutia saini au kutotia, lakini ndani yake kuna matatu yaliyosukwa pamoja. Kuna hesabu ya masomo ya mdogo wako. Kuna deni lako na aibu yake. Na kuna hofu ya kubaki peke yako. Nitajaribu kuyafumua, kwa sababu nadhani kila moja limekuwa likilisemea jingine.

Nianze na neno la baba. Umesikia "Collège?" ukadhani anasema chuo cha jamii ni cha walioshindwa. Inawezekana. Lakini fikiri baba yako ametoka wapi. Kongo, collège ni shule ya sekondari. Mtoto anavaa sare, anamaliza, anapata diplôme d'État, ndipo anakwenda université au taasisi ya juu. Mwalimu aliyefundisha kwa mfumo wa Kongo akisikia mwanawe amalize sekondari kisha aende "college", anasikia kurudishwa darasani na watoto. Ukimtafsiria kwa Kiswahili ukasema "chuo", hapo tena Tanzania amezoea kuona chuo ni kitu kimoja na chuo kikuu ni kingine, na cha pili ndicho kinachopigiwa vigelegele. Huenda baba hajakataa chuo cha jamii. Huenda hajaambiwa bado ni kitu gani.

Basi mwambie. Mwambie ni chuo cha serikali cha miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu. Cha kwanza cha namna hii kinachodumu mpaka leo kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Kwenye jimbo lenu kilitangulia cha Grand Rapids, mwaka 1914. Baada ya vita vya pili vya dunia, tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza mwaka 1947 vyuo hivi vienee nchi nzima, karibu na makazi ya watu na kwa gharama nafuu. Michigan sasa ina vyuo vya jamii vya umma 28. Bodi zake huchaguliwa kwa kura, na wenye nyumba wa eneo hulipa kodi ya kuviendesha, ndiyo maana mkaazi wa eneo hulipa ada ndogo kuliko anayetoka nje yake. Kwa mwalimu mzee, nadhani habari hiyo ni muhimu kuliko neno "bure". Neno bure huwatia wazee wengi shaka, na wana sababu.

Ndani yake wanasoma watu wa kila aina. Karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa vyuo vya jamii Marekani husoma muda wa nusu, kwa sababu wana kazi, wana watoto, wana wazazi wagonjwa. Kuna wanaosomea uuguzi, uchomeleaji, usafi wa meno, ufundi wa magari, malezi ya watoto wadogo, na kuna wanaochukua masomo ya jumla ili wahamie chuo kikuu. Michigan ina makubaliano ya uhamisho yanayoruhusu angalau krediti 30 (vipimo vya kuhesabia masomo uliyomaliza) za masomo ya jumla zipokelewe na vyuo vikuu vinavyoshiriki. Na muuguzi aliyemaliza shahada ya miaka miwili hufanya mtihani uleule wa leseni anaofanya aliyesoma minne. Hilo la mwisho nimeliandika kwa ajili yako zaidi kuliko kwa ajili ya mdogo wako.

Sasa hesabu, na hapa naomba tuhoji kidogo pande zote mbili.

Mkopo wa dola 5,600 hauombwi mara moja. Masomo ni miaka minne, kwa hiyo ni kama 22,400, kama gharama haipandi, na hupanda. Mkopo wa serikali nao una kiwango chake: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kila mwaka unaofuata, jumla 27,000. Mdogo wako angemaliza akiwa na deni linalokaribia dola 50,000. Mikopo hii miwili si ndugu. Wa serikali anachukua yeye mwenyewe, hauhitaji mdhamini, na una njia za kulipa kufuatana na kipato. Wa benki unakuingiza wewe mzima mzima: asipolipa yeye, unadaiwa wewe kana kwamba ulisoma wewe. Mdhamini si shahidi wa ndoa, mwanangu. Ni mkopaji wa pili.

Chuo cha jamii je? Wastani wa ada nchini kwa mkaazi wa eneo, mwaka wa masomo 2024–25, ulikuwa dola 4,050, na chuo kikuu cha umma kwa mkaazi wa jimbo dola 11,610. Kwa mwanafunzi anayepata Pell yote, hiyo ruzuku peke yake inamaliza ada ya chuo cha jamii na kubakiza fedha za vitabu na nauli. Na ule ufadhili wa jimbo alioupata mdogo wako unatumika huko pia, mradi asome kwa muda kamili na aanze ndani ya miezi 15 tangu amalize sekondari. Mshauri wa shule hakukudanganya.

Ila kuna ambalo pengine hakulisema. Wanafunzi wengi sana huingia chuo cha jamii wakiwa na nia ya kuhamia chuo kikuu. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka sita wamekuta karibu theluthi moja ndio huhama, na takriban 16 kati ya 100 ndio hupata shahada ya kwanza. Sababu si akili. Ni maisha: gari linaharibika, zamu kazini zinabadilika, mzazi anaumwa, krediti zilizosomwa bila mpango zinakataliwa upande wa pili. Wewe unajua habari hiyo kuliko mtafiti yeyote. Pia ile dola 4,000 ya chuo kikuu huenda imetengwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia baadaye asiikute. Ni swali la kuwauliza kabla ya kuamua lolote.

Kwa hiyo chuo cha jamii ni njia nafuu ambayo mtu huipotea kwa urahisi asiposimamiwa, na chuo kikuu ni njia ghali ambayo ukiwa ndani yake kila kitu kinakuvuta umalize. Sitakuambia ipi ni ya mdogo wako. Lakini akilala nyumbani, nani atamwamsha kutafsiri? Kama jibu ni kwamba mtapokezana simu za hospitali, basi jua kuwa bei ya chuo cha jamii kwake si sifuri. Kuna saa zake zitakazolipa.

Hapo ndipo zile video za alfajiri zinaponirudia. Umesema ulisikia vibaya. Mimi nimejiuliza ulisikia vibaya kwa sababu gani. Huenda ulimwonea huruma, ukijua anatamani kitu kinachoweza kumponyoka. Huenda pia, na nasema hivi kwa upendo, ulimwona mtu anayejiandaa kuondoka. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye moyo mmoja bila kukufanya mbaya. Lakini ukimwambia baba "chuo kikuu ni ghali" wakati ndani yako kuna sauti inayosema "usiniache", baba atasikia kitu kisicho cha hesabu hata kama hawezi kukitaja. Pengine ndicho alichokiita wivu, kama kweli amekiita. Maana hilo nalo ni wewe unayelidhani. Hujaniandikia kwamba amelisema.

Na mdogo wako, kijana wa miaka 18 anayejibu "mtakachoamua", ametangazwa kanisani, amechangiwa blanketi, anamwona dada yake akirudi kazini alfajiri. Angesema nini kingine? Ningependa aulizwe akiwa na wewe peke yako, labda ndani ya gari, huku umeshamwambia kwamba hutakasirika.

Kati ya kutia saini na kukataa kuna nafasi ambayo hamjaingia bado. Ofisi ya misaada ya chuo kikuu hupokea maombi ya kuangaliwa upya. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea misaada ya masomo ya serikali kuu, hutumia kipato cha miaka miwili nyuma. Kama cha mwaka huu kimeshuka, au kuna gharama za matibabu ya baba ambazo bima hailipi, hayo huandikwa na kuambatanishwa ushahidi. Hawalazimiki kuongeza, lakini wasioomba hawaongezewi. Angalieni pia hiyo 28,000 imegawanyika vipi. Sehemu kubwa kwa kawaida ni chumba na chakula, na mipango ya chakula hutofautiana bei. Kuna kazi za wanafunzi ndani ya chuo. Kuna chuo kikuu kingine karibu zaidi, ambako angeweza kulala nyumbani? Ukichukua njia ya chuo cha jamii, hatari yake inapungua kama mtachagua tangu wiki ya kwanza chuo kikuu anachokwenda na kozi anayokwenda kusoma, kisha kila somo lipimwe kwa hilo.

Sasa droo.

Nikueleze kilichotokea mwaka 2021, kwa sababu naona hakuna aliyekueleza. Ruzuku ya Pell hairudishwi, lakini hupewa mtu kwa sharti la kuhudhuria. Mwanafunzi akiacha masomo yote kabla ya kufikisha asilimia 60 ya muhula, sheria ya serikali kuu inataka sehemu ya fedha ambayo hakuifikia irudishwe. Wiki sita kwenye muhula wa wiki kama 15 ni asilimia 40 tu. Chuo hurudisha fedha serikalini, halafu humwandikia mwanafunzi ankara ya ada iliyobaki wazi. Hukuiba. Hukutapeliwa pia. Ulimkimbilia baba hospitali bila kujua kuna fomu ya kujaza, kama wengi wasiojua.

Lakini naomba ulione jambo hili kabla ya mwisho wa mwezi. Benki ikipokea ombi la mkopo huchunguza historia ya madeni ya mdhamini. Deni lililofika kwa kampuni ya kukusanya madeni linaweza kuwa limeandikwa humo. Ukitia saini ili usiseme siri, huenda siri ikaletwa nyumbani na barua ya benki ya kukataa. Na barua hiyo itasomwa na nani? Na wewe, mbele ya baba, ukimtafsiria. Sikutishi. Nataka tu, kama itasemwa, uwe umechagua siku yenyewe.

Kumwambia baba kuna hatari yake. Anaweza kuumia akijua uliacha shule kwa sababu ya ugonjwa wake. Mzazi aliyepata kiharusi hahitaji mzigo wa lawama. Anaweza kukasirika kwamba ulimficha miaka mitano. Anaweza pia kuona kwa mara ya kwanza kwamba maneno yako juu ya mkopo yanatoka kwa mtu aliyeungua. Kunyamaza nako kuna bei, na umekuwa ukiilipa. Kama baba ni mzito kwa sasa, wapo wazazi wanaoanziwa na mama. Wewe ndiye unayejua mlango wa nyumba yenu unafunguka upande gani.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Una miaka 27. Tangu mwaka 2021 Michigan ina mpango uitwao Michigan Reconnect kwa watu wa miaka 25 na zaidi wasio na shahada, waliomaliza sekondari na kuishi jimboni mwaka mmoja au zaidi: mpango huo ndio unaowalipia ada ya chuo cha jamii cha eneo lao inayobaki baada ya misaada mingine. Deni la zamani haulipi, na vyuo vingi havimruhusu mtu kujiandikisha akiwa anadaiwa. Nafasi za uuguzi nazo hugombaniwa. Kuna masomo ya awali ya kupita kwanza, na si rahisi kuyasoma ukitoka shifti ya usiku. Lakini nimeona kwamba katika barua nzima umeandika habari za shule ya mdogo wako, ukaitaja yako kama kosa tu. Dola 1,380 ni chini ya robo ya mkopo wa mwaka mmoja unaoombwa kuudhamini. Sisemi uilipe kabla yake, wala usiilipe. Nasema tu kwamba fedha hizi mbili zote zinatoka kwenye mshahara wako, na moja tu ndiyo inayojadiliwa sebuleni.

Umeuliza kama unaweza kupiga simu chuoni bila kutaja jina. Unaweza, kwa maswali ya jumla. Piga ofisi ya malipo ya wanafunzi, waulize: mtu aliyeacha katikati ya muhula kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi anaweza kukata rufaa? Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo? Kuna msamaha wowote kwa anayetaka kurudi kusoma? Deni likishapelekwa kwa wakusanyaji, analipwa nani, chuo au wao? Usimpe fedha mkusanyaji anayekupigia mpaka akutumie kwa maandishi uthibitisho wa deni. Uliza pia ofisi ya misaada kama ule muhula wa 2021 utakuzuia kupata Pell tena, na rufaa yake inaandikwaje. Cheti cha hospitali cha baba kitasaidia.

Kwa kiasi kamili cha deni, hapo watataka kujua wewe ni nani. Watakuuliza namba yako ya mwanafunzi. Barua ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 2021, bila shaka inayo hapo juu. Kama huwezi kuifungua droo peke yako, mwite mdogo wako mkae naye. Naye anasoma Kiingereza.